Mnazi na Homa ya Nyika

Wazee wa Usambara waliigawa nchi yao sehemu mbili: Shambaai, yaani mlimani kwenye baridi na migomba, na nyika, yaani tambarare yenye joto. Mlimani walikuhesabu kuwa kwenye afya, nyika kuwa kwenye homa. Mnazi yetu iko nyika, chini ya milima upande wa kaskazini, na jina hilo la homa imelibeba tangu zamani.

Wazee hawakukosea. Utafiti uliotangazwa mwaka 2003 ulilipima jambo hilo katika milima hii hii. Kwenye kimo cha mita 300, mtu aliumwa na mbu wenye vijidudu vya malaria kama mara 91 kwa mwaka. Kwenye mita 1,700 miaka 30 iliweza kupita asiumwe hata mara moja. Tena mtu wa mlimani ateremkapo, mwili wake haujazoea ugonjwa huo, naye huugua vibaya kuliko mwenyeji.

Basi mbona watu waliteremka? Waliteremshwa na shida ya ardhi. Mwaka 1946 Serikali ya Kiingereza ilianzisha Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, na watu wakaamriwa kulima matuta. Kazi hiyo iliwaelemea hasa wanawake na wenye vishamba vidogo. Watu wakaikataa, ikaachwa mwaka 1957. Lakini mlima haukuongezeka. Mwenye ardhi ya kutosha alibaki juu. Aliyekosa alishuka kulima nyika au kukata mkonge.

Kwa jirani zetu wa Upare na Taveta, kati ya 1955 na 1959, nyumba zilipigwa dawa ya kuua mbu kwa uongozi wa Taasisi ya Malaria ya Amani. Vifo vya watoto wachanga vilipungua sana. Dawa iliposimamishwa malaria ilirudi polepole, lakini vifo havikurudi kama zamani, maana vidonge vya klorokwini vilikuwa vimekwisha kuwafikia watu. Twaona hapo kwamba zahanati yenye dawa si jambo dogo.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 zahanati zilienea vijijini. Mwaka 1993 hospitali za Serikali zilianza kutoza ada. Mwaka 2004 ikaja Hati Punguzo, mama mjamzito apate chandarua kwa bei nafuu; hata hivyo ilimpasa kuongeza fedha zake mwenyewe. Vyandarua vya bure kwa watoto wadogo vilianza kugawiwa mwaka 2009, na kwa kila kaya miaka miwili iliyofuata.

Hizo fedha za kuongeza zilikuwa kidogo, atasema mtu wa mjini. Lakini masika huleta mbu wakati ghala ni tupu na mazao yangali shambani. Mama aliyeweza kulipa mwezi wa Agosti hakuweza mwezi wa Aprili. Katika miaka kumi ya umoja wetu wanachama wameuliza mara nyingi kwa nini malipo yao yachelewe. Msomaji sasa anajua sababu mojawapo ya swali hilo.