Android Studio

Android Studio ni mazingira ya kompyuta ya kutengenezea programu za simu za Android. Google iliitangaza Mei 2013, na toleo la 1.0 likatoka Desemba 2014. Imejengwa juu ya IntelliJ IDEA, programu ya kuandikia msimbo ya kampuni ya JetBrains, na ilichukua nafasi ya kiongezi cha Android cha Eclipse, programu nyingine ya aina hiyo, ambacho Google iliacha kukihudumia mwishoni mwa 2015.

Thamani yake kubwa ni kuweka pamoja kazi zilizokuwa zimetawanyika: kuandika msimbo, kuunda kifurushi cha programu kwa zana iitwayo Gradle, kukijaribu na kusaka hitilafu. Mtengenezaji huandika kwa Java au Kotlin, lugha ambayo Google iliitambua rasmi mwaka 2017, kisha hubonyeza kitufe kimoja na programu ikafunguka kwenye simu ya kuigiza (emulator) ndani ya kompyuta. Ikianguka, Logcat, dirisha la ujumbe wa programu, huonyesha kosa, na kubofya jina la faili humpeleka hadi kwenye mstari wenyewe. Umbali kati ya kosa na chanzo chake hupungua, na hapo ndipo muda mwingi huokolewa.

Hulaumiwa kwa uzito, na lawama hiyo ina msingi, kwani hula kumbukumbu nyingi ya kompyuta. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mzigo ni simu ya kuigiza, ambayo si ya lazima: simu halisi iliyounganishwa kwa waya wa USB hutosha, tena huonyesha mwenendo wa kweli wa kamera na betri. Wala kuwekwa pamoja kwa kazi hizo hakumfungi mtumiaji, maana mradi uleule huweza kuundwa na Gradle peke yake kwa amri za maandishi.