Istilahi za Upepo: Kutoka Baharini Hadi Kompyuta

Wahenga wa mwambao hawakutosheka na neno "upepo". Kwa kaskazi, uvumao Desemba hadi Machi, majahazi yalifika kutoka Arabuni. Kwa kusi yakarejea. Makunduchi, kusini-mashariki mwa Unguja, wavuvi wangali wakiutaja upepo kwa jina lake.

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Neno "feni" halitaji mwelekeo, nalo ni pungufu: feni za kompyuta ya mezani zikipulizana, joto husalia sandukuni. Hewa baridi yafaa iingie mbele, chini. Ya moto itoke nyuma, juu. Hivyo twapendekeza "feni ya kuingizia" na "feni ya kutolea". Istilahi bora humwongoza fundi kabla hajashika bisibisi.