Utando wa Mafuta Katika Vinu vya Kisii

Zama ambazo vinu vya mashine vilikuwa bado havijafika katika vilima vya Kisii na Nyamira, wimbi lilisagwa jiwe juu ya jiwe, mwanamke amepiga magoti, na unga wa obokima, ugali wa wimbi, wa nyumba nzima haukupatikana ila kwa jasho la mikono yake. Mafuta hayakutiwa kati ya mawe yale wala hayakutakiwa, maana kusuguana ndiko kulikosaga.

Vilipokuja vinu vya maji wakati wa ukoloni, na baada yake vya dizeli, ambavyo mlio wake ulivuka kilima hadi kilima, msuguano ulibidi ugawanywe: ubaki penye nafaka, uondoke penye mhimili. Hapo ukazaliwa ufundi wa gololi na grisi, nao kwangu una adhama sawa na ufundi wowote wa nchi ile, ingawa mafundi wenyewe hawakuandikiwa kitabu. Fundi huifungua beringi, akaisugua grisi kati ya kidole gumba na cha shahada, na akihisi chembe za unga huitoa yote. Kisha kinu kikizunguka huegemeza ncha ya bisibisi kwenye kasha la beringi na mpini wake sikioni, asikilize kama gololi zinateleza au zinatafuna.

Wataalamu nao walichelewa kuielewa siri ya mafuta hayo. Mwaka 1883, huko Uingereza, Beauchamp Tower alitoboa tundu juu ya beringi aliyokuwa akiijaribu, akashangaa kuona mafuta yakipanda na kusukuma nje kizibo alichokitia. Na mwaka 1886 Osborne Reynolds akaeleza kwa hesabu jinsi mhimili unavyoyavuta mafuta yakajibana na kuubeba mzigo. Walakini hesabu hiyo, ilipopelekwa kwenye vyuma vinavyoviringika na kugusana mahali padogo mno, ilitoa utando mwembamba usioweza kudumu, ilhali beringi zilidumu miaka na miaka. Jibu lilidhihirika katika kazi ya Ertel na Grubin, iliyochapishwa Urusi mwaka 1949, na ya Dowson na Higginson mwaka 1959: chini ya shinikizo kubwa mafuta huwa mazito karibu ya kuganda, na chuma chenyewe hubonyea kidogo, hata utando usiofika aghalabu sehemu moja ya mia ya unene wa unywele ukatosha kuvitenga vyuma viwili.

Basi KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai nchini Kenya, ilipoundwa mwaka 1964, na viwanda vya chai vikasimama Kebirigo, Nyansiongo na kwingineko katika vilima vile, siri hiyo ilikwisha kujulikana vitabuni. Lakini penye rola zikatazo majani, moja ikienda polepole na mwenziwe mbio, huku maji ya majani yakitafuta njia ya kuingia ndani na kuuharibu utando, kazi ilibaki ya mkono. Kabla ya kuliweka bomba la grisi, fundi hupangusa kwanza kitundu cha kutilia grisi kwa kitambaa safi, mara mbili, kwa kuwa vumbi asiloliona ni nene kuliko utando anaoulinda.