Gharama za Vibandiko vya Redio Maktabani: Mtazamo kutoka Kasongo na Kabambare

Mnamo Aprili 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo, chini ya Francis Dhanis, yaliuteka mji wa Kasongo, uliokuwa makao ya Tippu Tip. Baadhi ya barua na hati za Kiswahili zilizoandikwa Kongo katika karne hiyo, kwa herufi za Kiarabu, zimo leo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Mwaka 2007 Xavier Luffin alichapisha uchunguzi wake juu ya hati kama hizo. Kazi hiyo haikudai mtambo. Ilidai mtu wa kuzisoma moja moja.

Jambo hilo lafaa kukumbukwa kila teknolojia ya utambuzi kwa mawimbi ya redio inaposifiwa kuwa dawa ya vitabu vinavyopotea. Kibandiko chake hakina betri: ni chembe ya silikoni na waya mwembamba, nacho huamshwa na mawimbi ya kisomeo. Singapore ilianza kukijaribu maktabani mwaka 1998. Bei yake imeshuka sana tangu hapo, na wauzaji, kama ilivyo desturi yao, hupenda kuanza na bei hiyo.

Gharama kubwa zimo kwingine. Mlango wa ulinzi, visomeo, programu na matengenezo huhitajika hata pale penye vitabu 3,000 tu. Hivyo maktaba ikiwa ndogo, kila kitabu hubeba mzigo mkubwa zaidi. Tena kila kitabu sharti kishushwe rafuni, kibandikwe na kuunganishwa na kumbukumbu yake. Kwa dakika 2 kila kimoja, vitabu hivyo 3,000 vyadai saa 100 za kazi. Na pasipo katalogi, saa hizo ni chache mno, kwani kibandiko aghalabu hubeba namba tu. Jina la kitabu na la mwandishi lazima yawe yameandikwa kwingine. Kabla ya kiwango cha kimataifa cha ISO 28560 kutolewa mwaka 2011, kila kampuni iliweza kupanga namba hizo kwa utaratibu wake, na maktaba iliyotaka kumhama muuzaji ilijikuta ikilipa upya.

Katika njia ya zamani ya misafara, itokayo Ziwa Tanganyika kupitia Kabambare hadi Kasongo, kipuri, fundi na mafuta ya jenereta husafiri mbali, na kisomeo kisicho na umeme hakisomi kitu. Daftari la katalogi halidai umeme. Ladai mshahara wa mkutubi, nao ndio unaokatwa kwanza fedha zinapoelekezwa kwenye mitambo. Ama barua kuukuu zenyewe, hazifai kubandikwa hata kibandiko kingekuwa cha bure, kwa kuwa gundi huharibu karatasi.