Vashti Bunyan: santuri iliyosahaulika kwa miaka 30

Mwishoni mwa mwaka 1970, mwimbaji Mwingereza Vashti Bunyan alitoa santuri iitwayo Just Another Diamond Day. Ziliuzwa nakala mia chache tu. Leo inahesabiwa miongoni mwa kazi bora za zama za mahipi. Ilikuwaje?

Ni muziki wa aina gani?

Mahipi walikuwa vijana wa Ulaya na Marekani wa miaka ya 1960 waliofuga nywele, wakapinga vita na kukataa kuishi kama wazazi wao. Baadhi ya wanamuziki wao walichukua nyimbo za kienyeji za gitaa, filimbi na fidla, wakazipa sauti kama za ndotoni. Muziki huo huitwa folki ya saikedeliki. Vashti huimba kwa sauti ya chini, kama mama anayebembeleza mtoto.

Safari ya gari la farasi

Mwaka 1968, Vashti na mwenzake Robert Lewis waliondoka London kwa gari la kukokotwa na farasi jike aitwaye Bess. Walielekea kisiwa cha Skye, Uskoti, ambako mwimbaji Donovan alitaka wasanii waishi pamoja. Safari ilichukua zaidi ya mwaka mmoja, na walipofika wenzao walikuwa wametawanyika. Lakini njiani nyimbo zilikuwa zimezaliwa: za mashamba, ndege na mifugo. Mmoja una jina la Bess. Zilirekodiwa London mwishoni mwa 1969, chini ya mtayarishaji Joe Boyd.

Kwa nini ilipotea?

Santuri ilitoka mwaka mmoja baadaye. Vashti alikuwa na mtoto mchanga na aliishi mbali na mji, hivyo hakuzunguka kuitangaza. Aliona ameshindwa. Akaweka gitaa chini, akalea watoto na kufuga wanyama. Amesimulia kwamba hata wanawe hakuwaimbia.

Ilirudije?

Mwaka 1997 alitafuta jina lake kwenye intaneti, akakuta watu wanaiulizia santuri yake. Nakala za zamani zilikuwa zinatafutwa na kuuzwa ghali, lakini yeye hakupata kitu. Nakala kuukuu ikiuzwa, pesa ni ya muuzaji. Msanii hufaidika kazi inapotolewa upya kwa mkataba unaotambua haki zake.

Hilo lilifanyika mwaka 2000, santuri ilipotolewa upya kwenye CD. Vijana waliokuwa hawajazaliwa mwaka 1970 waliipenda, na Vashti akarudi studio. Mwaka 2005 alitoa albamu ya pili, Lookaftering, miaka 35 baada ya ile ya kwanza. Ya tatu, Heartleap, ilifuata mwaka 2014.

Msikilizaji, kama nawe umewahi kurekodi nyimbo, hata za kwaya au ngoma, tunza nakala yake pamoja na mkataba wako. Wimbo usiosikika leo unaweza kutafutwa kesho, na ni vizuri ukutwe una mwenyewe.