Kabla ya kununua "bibi" mpya ya baiskeli

Baiskeli ikianza kulia "kwa, kwa" kila pedeli zinapozunguka, wengi wetu hukimbilia dukani kuulizia bibi. Kwa asiyejua, bibi hapa si bibi wa mtu. Ni ile ekseli ya chini inayobeba mikono miwili ya pedeli, pamoja na vikombe na gololi zake, na jina limetokana na herufi B.B. zinazochapishwa kwenye pakiti. Ni kitu kidogo, lakini ukikosea kukinunua waweza kupoteza fremu nzima.

Kwanza hakikisha mgonjwa ni yeye. Toa cheni kwenye sproketi ya mbele, shika mikono yote miwili ya pedeli na uisukume kulia na kushoto. Ikicheza yote pamoja, ni bibi. Ukicheza mkono mmoja peke yake, shida ni pini au nati ya mkono huo, na pini ni pesa ndogo sana. Kisha zungusha taratibu: ukihisi kama kuna mchanga ndani, gololi au vikombe vimeliwa.

Hapa Pwani tuna aina tatu hasa. Kuna ile baiskeli nyeusi nzito ya wauza maji na mikate, ambayo mikono yake hushikwa na pini za kugongwa. Kuna za mtumba kutoka ng'ambo, zenye ekseli ya ncha za mraba. Na kuna za watoto, ambazo mkono wa kulia, ekseli na mkono wa kushoto ni chuma kimoja kilichopindwa. Hii ya tatu haina thredi kwenye fremu. Tundu lake ni pana, kama milimita 51, na vikombe hugongwa tu ndani. Usikubali kuuziwa kikombe cha aina moja kwa fremu ya nyingine, hata muuzaji akuapie.

Kwenye aina mbili za mwanzo, kipimo kikuu ni thredi. Nyingi hufuata kipimo cha Kiingereza: upana wa inchi 1.37, nyuzi 24 kwa kila inchi. Bomba la fremu linaloshika bibi huwa na urefu wa milimita 68, na kwa baiskeli nyingi za milimani ni 73. Za Kitaliano ni milimita 70 na tundu lake ni kubwa kidogo, kwa hivyo kikombe cha Kiingereza hucheza ndani yake. Raleigh za zamani za Nottingham nazo zina mambo yao: nyingi zina nyuzi 26 kwa inchi. Kikombe cha nyuzi 24 huingia mzunguko mmoja au miwili kisha hukwama.

Hapo ndipo hasara huanzia. Kijana mmoja mtaani kwetu, anayesambaza mikate alfajiri, aliuziwa kikombe cha namna hiyo na fundi akakilazimisha kwa nyundo na patasi. Nyuzi za fremu zilinyolewa zote. Wiki nzima alibeba mikate kichwani, na wateja wa mbali wakatafuta mtu mwingine. Kikombe sahihi huingia kwa vidole mizunguko mitatu minne kabla hujashika spana. Kikikataa, kitoe.

Pia jua kinafunguka upande gani. Kwa kipimo cha Kiingereza, kikombe cha kulia, upande wa cheni, hufunguliwa kwa kuzungushwa kama mshale wa saa na hukazwa kinyume chake. Cha kushoto ni kama skrubu ya kawaida. Haikufanywa hivyo kwa ukorofi: gololi zinapobiringika hukivuta kikombe kinyume na ekseli, na bila mpango huo kingejifungua chenyewe njiani.

Halafu urefu wa ekseli. Pima ile ya zamani kutoka ncha hadi ncha. Za mraba huuzwa kwa milimita 110, 113, 118, 122.5, 127 na kadhalika. Ikiwa fupi, sproketi itakwaruza fremu; ikiwa ndefu, cheni itakwenda mshazari na kuruka. Njia bora ni kwenda dukani na ile mbovu mkononi, hata kama ina kutu na inachafua mfuko. Kwa za pini, nenda na pini pia, kwa sababu kuna za milimita 9.5 na za milimita 9.

Je, ununue ya gololi za wazi au ile iliyofungwa? Wanaosifu ya kufungwa hawakosei, maana chumvi yetu ya bahari haina huruma, na anayepita ufukweni kila siku itamfaa zaidi. Chagua yenye vikombe vya chuma, kwani vya plastiki huvunjika siku ya kufungua. Lakini ikifa haitengenezeki. Mimi, kwa muuza maji, nashauri gololi za wazi: 11 za robo inchi kila upande, ambazo fundi yeyote chini ya mwembe anaweza kubadilisha. Badilisha zote 22 kwa pamoja. Kikombe chenye mstari laini wa kung'aa bado kizima. Chenye vishimo hakifai tena.

(Watu hudhani mitungi ya maji nyuma ndiyo inayoua bibi. Mzigo huo huelemea magurudumu. Bibi huumizwa na kusimama juu ya pedeli, kama watu wanavyofanya wakipanda mlima baada ya kushuka feri Likoni.)

Wakati wa kufunga, paka grisi kwenye thredi pia, si kwenye gololi tu, la sivyo kutu itakiunganisha kikombe na fremu. Fundi anapogonga pini, mwambie auegemeze mkono wa pedeli juu ya kipande cha bomba kilichosimama chini, ili kishindo kisiishie kwenye gololi mpya. Baada ya siku mbili tatu za kuendesha, rudi ukakaze nati za pini tena.