Farasi wa Nyanda za Juu na Lugha ya Mbio Zao

Msafiri atokaye Kimbo, upande wa Ruiru, akishuka katika matatu hapo Ngara na kuelekea Kariokor kwa miguu, atajikuta akikanyaga barabara iitwayo Racecourse Road, nayo ni katika athari chache zilizobaki za uwanja ule wa kale ambako walowezi wa Kiingereza walishindanisha farasi wao tangu mwanzo wa karne ya 20, hata mwaka 1954 mbio zilipohamishiwa uwanja wa Ngong, ambako zingaliko hadi leo. Mwaka 1914, vita vilipozuka, ni katika uwanja ule wa kale walikokusanyika walowezi na vipando vyao kuunda kikosi cha wapanda farasi. Na jirani yake pakawa kambi ya wapagazi wa Carrier Corps, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa maradhi na njaa, ambao jina lao limedumu katika soko la Kariokor. Nami naona ni haki anayekwenda kujifunza mambo ya mbio aanze hapo, mahali ambapo historia ya farasi na historia ya wapagazi zimepakana ukuta kwa ukuta.

Farasi si mgeni kwa Waswahili. Sayyid Said, alipomtuma balozi wake New York mwaka 1840 katika jahazi la Sultana, alimpelekea rais wa Marekani zawadi ambazo miongoni mwake walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu, na watu wa mwambao walizijua hatamu na lijamu, na mwendo wa telki na wa shoti, kabla reli haijafika Nairobi mwaka 1899. Lakini farasi hakuweza kuenea bara, kwa sababu mbung'o walimwua kwa nagana, na visubi wakamwambukiza tauni yake mahsusi. Ndiyo maana mbio zilishika mizizi katika nyanda za juu, ambako baridi huwapunguza wadudu hao. Hata karibu na Kimbo, katika shamba la Juja la tajiri McMillan, ambako Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alikaribishwa mwaka 1909, farasi alikuwa kipando cha safari na cha kuwindia, kabla ya motokaa kumwondolea kazi hiyo.

Sasa mgeni afikapo Ngong, yampasa kwanza kuwajua watu. Mwenye farasi hulipa gharama. Mkufunzi humfanyia mazoezi na kumchagulia mbio zinazomfaa. Jokii humpanda siku ya mashindano. Na saisi, ambaye jina lake limetoka katika Kiarabu, ndiye alalaye karibu na zizi, amwoshaye, amlishaye, na kuujua mguu unaouma kabla ya daktari hajaitwa. Katika karatasi ya mbio wale watatu wa kwanza huandikwa majina. Saisi haandikwi, ingawa tangu zama za walowezi kazi hii ilifanywa na Waafrika, na sioni udhuru wa kuendelea kumsahau.

Farasi wenyewe ni wa nasaba maalumu, ambayo kwa upande wa baba hurejea kwa madume watatu waliopelekwa Uingereza kutoka Mashariki. Mmoja wao, Darley Arabian, alinunuliwa Halab na kufikishwa huko mwaka 1704. Aliyehasiwa huitwa maksai, na wako wengi, kwa kuwa hutulia. Masafa huhesabiwa kwa mita, ingawa wazee wa mbio wangali wakitaja falongi, ambazo nane ni maili moja. Mshindi aweza kutangulia kwa urefu kadhaa, maana yake urefu wa mwili wa farasi, au kwa shingo, au kwa kichwa, au kwa pua tu, na hapo picha ndiyo huamua.

Mashindano yenye heshima kuu ni Dabi, iliyoigwa kutoka Epsom huko Uingereza, ambako ilianza mwaka 1780, nayo ni ya farasi wa miaka mitatu. Katika wakufunzi waliopata kuishinda Dabi ya Kenya alikuwamo Beryl Markham, aliyelelewa Njoro na kupewa leseni angali kijana, na ambaye dunia humkumbuka zaidi kwa kuruka juu ya Atlantiki mwaka 1936; alifariki Nairobi mwaka 1986.

Lakini mbio nyingi za wiki si Dabi, bali ni handikapu, na hizi ndizo zinazostahili mazingatio zaidi, kwa maana aliye bora huongezewa mzigo, na aliye dhaifu hupunguziwa, ili wote wapate tumaini moja. Jokii hupimwa pamoja na tandiko lake, na akipungukiwa na uzito uliotajwa, hutiwa vipande vya risasi katika mifuko ya tandiko. Na akirudi mshindi hupimwa tena, wala matokeo hayathibitishwi kabla ya mizani kukubali. Kwa hiyo mgeni anayeisoma karatasi ya mbio na aangalie safu ya uzito kabla ya kuangalia jina la farasi.